Msitu Niliouua kwa Laptopu

Kila bumu likiingia vimbweta vinajaa, na maswali yanaanza. Swali ninaloulizwa mimi kuliko yote ni hili: "Dada, hivi wewe unasoma nini hasa?" Nikijibu kwamba nasoma misitu kwa kutumia setilaiti, anayefuata anauliza kama nimewahi kwenda angani. Wa tatu, ambaye mara nyingi ni mwaka wa kwanza na ana haraka na maisha, anauliza: "Ina ajira?" Mama yangu naye huwaambia majirani kwamba binti yake yuko chuo kikuu anasomea kupiga picha. Nimeacha kumsahihisha kwa sababu hajakosea sana.

Leo nawajibu wote kwa pamoja. Nitaeleza setilaiti inaona nini na haioni nini, njia ya kitaaluma ya kazi hii ikoje, na nini unaweza kuanza nacho ukiwa na laptopu ya kawaida. Na katikati nitasimulia jinsi nilivyokosea, maana lile kosa limenifundisha kuliko kozi zote nilizopata A.

Kutazama bila kugusa

Darasani fani hii inaitwa rimoti sensingi. Maana yake ni kuchunguza kitu ukiwa mbali nacho, bila kukigusa. Jicho lako linafanya hivyo kila siku. Ukiwa ndani ya basi ukaona shamba la mahindi limegeuka njano kabla ya wakati wake, unajua kuna tatizo la maji au la mbolea, na wala hujashuka. Setilaiti inafanya hivyo hivyo, ila iko juu kilomita mamia kadhaa, na inaona aina za mwanga ambazo sisi hatuzioni.

Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu kwa sababu linautumia kutengeneza chakula cha mti. Lakini kuna mwanga mwingine, uko ng'ambo kidogo ya mwekundu, unaitwa infraredi ya karibu. Huu jani haliuhitaji, kwa hiyo linaurudisha juu kwa wingi. Jicho letu haliuoni kabisa. Setilaiti inauona, inaupima na kuandika namba.

Wataalamu wakatumia ujanja mdogo wa hesabu. Chukua mwanga wa infraredi uliorudi, toa mwanga mwekundu uliorudi, halafu gawanya kwa jumla ya yote miwili. Kipimo hicho kinaitwa NDVI, na hakiwezi kuvuka 1 wala kushuka chini ya -1. Tuseme mti wenye majani umerudisha asilimia 40 ya infraredi na asilimia 5 ya mwekundu: 0.35 gawanya kwa 0.45, unapata karibu 0.78. Sasa chukua sehemu kavu iliyorudisha asilimia 25 ya infraredi na 15 ya mwekundu: 0.10 gawanya kwa 0.40, unapata 0.25. Kwa hiyo namba kubwa maana yake majani mabichi mengi, na namba ndogo maana yake majani machache. Shika neno hilo "majani", tutalirudia.

Picha zenyewe zinatoka wapi? Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ilirushwa na Marekani mwaka 1972, na mpaka leo mfululizo huo haujakatika. Zamani picha ziliuzwa kwa bei ambayo mwanafunzi wa kwetu hawezi hata kuiota. Mwaka 2008 hazina yote ikafunguliwa bure. Ulaya nao wakaleta Sentinel-2 kuanzia mwaka 2015, bure vilevile. Kwa hiyo mimi nikiwa na bando la usiku ninapata picha zilezile anazopata profesa wa London.

Picha hizo zimeundwa na vigae vidogo vinavyoitwa pikseli. Pikseli moja ya Landsat ni mita 30 kwa mita 30, yaani inazidi kidogo viwanja viwili vya mpira wa kikapu. Vyote vilivyomo humo ndani, mti, njia, nyumba ya bati na mbuzi wako, vinachanganywa na kuwa namba moja. Sentinel-2 ina pikseli za mita 10, na zikiwa mbili angani zinapita juu yako kila baada ya siku 5. Hiyo ni mara 73 kwa mwaka, ingawa siku nyingine utakuta mawingu matupu.

Doa jekundu

Utafiti wangu wa uzamili ulikuwa juu ya misitu ya vijiji wilayani Kilwa, mkoa wa Lindi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake kwenye ardhi yake, kuusimamia na kunufaika nao. Msitu wa kijiji nilichokichagua ni wa miyombo, wenye mipingo, mininga na mikongo. Swali langu lilikuwa rahisi: tangu kijiji kianze kuusimamia, msitu umeongezeka au umepungua?

Nikakaa maabara. Nilipata picha nzuri ya zamani ya mwezi Mei. Nikatafuta Mei ya mwaka wa karibuni ili nilinganishe, nikakuta mawingu kila mahali. Septemba yake ilikuwa safi kama kioo, nikaichukua. Msimamizi wangu alikuwa safarini na mimi nilikuwa na haraka, abstrakti ya kongamano ilikuwa inadaiwa. Laptopu ilihesabu usiku kucha. Asubuhi nikawa na ramani: magharibi ya kijiji palikuwa na doa kubwa jekundu, zaidi ya nusu ya msitu wa hifadhi. Kwenye ufunguo wa ramani nikaandika "Msitu uliopotea".

Sitaki kuwaficha, nilifurahi. Matokeo makubwa ndiyo yanayopata nafasi kwenye makongamano. Nilipima na usahihi kama tulivyofundishwa: nikachagua pointi kadhaa, nikaziangalia moja moja kwenye picha kali za Google Earth, nikaona ramani yangu imepatia zaidi ya asilimia 90. Ambacho sikukiangalia ni tarehe za zile picha kali. Nazo zilipigwa kiangazi. Yaani nilikuwa namuuliza shahidi yuleyule mara mbili, halafu nasema mashahidi wawili wamekubaliana.

Hapohapo niseme jambo kuhusu hizi asilimia, maana zinadanganya wengi. Tuseme umechukua pointi 100, na 90 kati yake kweli ni msitu, 10 ni mashamba. Kama ramani yako ni ya mvivu na imepaka kila kitu "msitu", usahihi wake ni asilimia 90, na hujaona shamba hata moja. Ndiyo maana lazima uulize usahihi wa kila kundi peke yake. Namba moja ya jumla ni ya kutambia tu.

Wiki hiyo hiyo mtu wa ofisi moja aliyekuwa anaandaa kikao cha wilaya kuhusu misitu ya vijiji akaniomba matokeo ya awali. Nikamtumia ramani. Niliona ni heshima kuombwa.

Msimamizi wangu aliporudi, nikamwonyesha. Aliitazama muda mrefu, akauliza neno moja tu: "Umefika?" Nikasema bado, Dokta, ila data zinaonyesha... Akarudisha laptopu mezani. "Sisaini kitu mpaka ufike."

"Umepotea umeenda wapi?"

Nikapanda basi Mbagala mwezi Novemba. Tukavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, mchana nikashuka Nangurukuru, nikachukua bodaboda njia ya Liwale. Nilikuwa na GPS, tochi, na ramani yangu imechapishwa kwa rangi kwenye karatasi kubwa.

Ofisi ya kijiji walikuwepo mwenyekiti, mtendaji na kamati ya maliasili. Nikaamkia, nikakaribishwa kiti, nikatandaza ramani mezani. Mwenyekiti akaweka kidole kwenye doa.

"Mwanangu, hii nyekundu ni nini? Moto?"

"Hapana, baba. Ni msitu uliopotea."

Wakanyamaza wote. Kisha mama mmoja wa kamati akacheka, kicheko cha kweli. "Umepotea umeenda wapi? Jana nimetoka humo na kuni."

Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi la nyuma akaniuliza: "Binti, ulikuja mwezi gani?"

"Sikuja, babu. Niliangalia kutoka juu. Mwezi wa tisa."

"Mwezi wa tisa miti ile imevua nguo. Sasa ungekuja kwangu mchana ukanikuta nimelala, ungeandika nimekufa?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini tumbo lilishaanza kuuma. Nilikuwa nimeisoma habari hii kwenye kozi, mwaka wa pili, na nilipata swali lake kwenye mtihani. Miyombo hupukutisha majani kiangazi. Tena ina tabia ya pekee, inatoa majani mapya kabla mvua hazijaanza, mengine yakiwa mekundu kama kutu. NDVI inapima majani. Haipimi miti. Mti usio na majani mwezi Septemba, kwa setilaiti, anafanana na pasipo na mti kabisa. Na mimi nilikuwa nimelinganisha Mei, majani yamejaa baada ya mvua, na Septemba, majani yamekwisha na nyasi zimeungua. Kompyuta ilifanya hesabu sahihi kabisa kwa swali la kijinga.

Siku tatu zilizofuata tulitembea, mimi, yule mzee na vijana wawili wa doria. Ndani ya doa jekundu tulikuta msitu umesimama, majani mapya juu, kivuli chini. Kila pointi ya GPS niliyoifikia ilinisuta.

Lakini siku ya pili jioni likaja lililo baya zaidi. Tulifika mahali ambapo ramani yangu ilipaka kijani kilichokolea: "Msitu mnene, haujaguswa". Nikatazama mbele. Mikorosho. Imepangwa mistari, imenyooka, chini pamefagiliwa.

"Hapa ndipo palipokuwa na msitu," mzee akasema. "Mkubwa kuliko ule. Tulifyeka, tukapanda korosho."

Mkorosho haupukutishi majani yote kiangazi. Unabaki kijani mwaka mzima. Kwa hiyo ramani yangu ilikuwa imegeuza ukweli juu chini: msitu uliopo niliutangaza umekufa, na mahali msitu ulipofyekwa nikapasifia.

La tatu likatokea njiani tukirudi. Mzee akasimama kando ya kisiki cha mpingo, kimekatwa usiku na watu wasiojulikana, akasema hivyo viko vingi upande wa mpakani. Nikaangalia ramani. Hakuna alama yoyote. Ukiondoa mti mmoja ndani ya pikseli ya mita 30, miti jirani inaziba pengo, namba haibadiliki. Na mpingo mmoja una thamani kubwa kwa kijiji kuliko vichaka eneo zima. Hasara iliyokuwa inawauma wao, setilaiti yangu haikuiona hata kidogo.

Ramani ina muhuri

Usiku ule mwenyekiti akaniita pembeni. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonikaa zaidi. Alisema kijiji kinauza mbao chache kila mwaka kwa mpango unaokubaliwa na wilaya, na fedha zile zimejenga darasa. Kibali kinategemea wilaya kuamini kwamba msitu upo na unatunzwa.

"Sasa karatasi yako ikifika kule kabla yetu," akasema, "nani atatuamini? Karatasi yako ina muhuri wa chuo. Sisi tuna maneno tu."

Sikumwambia kwamba ilishafika. Nilishindwa.

Kesho yake nilirudi Nangurukuru kwenye mtandao, nikapiga simu kwenye ile ofisi. Ramani ilishawekwa kwenye slaidi za kikao. Nikasema jamani, naomba itolewe, imekosea. Nikaulizwa mnasomea nini huko chuoni, na nikakosa jibu. Nikaandika barua pepe rasmi, nakala kwa msimamizi wangu, nakala kwa mtendaji wa kijiji: ramani niliyotuma tarehe fulani si sahihi, sababu ni hizi, isitumike. Ni barua fupi na ndiyo ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika. Ramani ikatolewa kwenye slaidi. Abstrakti nikaiondoa. Semista nzima ikaongezeka kwenye masomo yangu, na ada yake niliilipa kwa kufundisha tyusheni.

Nasimulia haya kwa sababu vitabu vya fani yetu vinaeleza makosa kama tatizo la takwimu. Kwenye jedwali kosa ni kisanduku tu. Kijijini kosa lile lile ni kibali cha watu kunyimwa.

Kusoma mwaka mzima

Nilirekebishaje? Niliacha kulinganisha picha mbili. Badala yake nikachukua kila picha safi iliyopo kwa kila mwaka, nikachora mstari wa NDVI wa kila pikseli kutoka Januari mpaka Desemba. Ukifanya hivyo, kila aina ya ardhi inajitaja yenyewe.

Miyombo inapanda juu wakati wa mvua, inashuka taratibu kiangazi, inafika chini Agosti au Septemba, kisha inaanza kupanda tena kabla ya mvua. Hilo la kupanda kabla ya mvua ndilo linaloutambulisha. Mkorosho mstari wake karibu umelala, juu mwaka mzima. Shamba la ufuta linaruka ghafla wakati wa masika, likivunwa linaporomoka, linabaki chini miezi mingi. Sehemu iliyoungua inazama siku chache baada ya moto halafu inarudi. Kule wanachoma mapema kwa makusudi, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto mkali wa Septemba usikute cha kula. Kwa picha moja ungesema wanaharibu msitu, kumbe wanaulinda.

Mawingu yakizidi unaweza kuongeza rada. Sentinel-1, iliyoanza kurushwa mwaka 2014, inatuma mawimbi yake yenyewe na yanapenya mawingu, usiku na mchana. Haioni rangi, inahisi umbo na unyevu, kwa hiyo vigogo visivyo na majani bado inavihisi.

Na visiki? Kwa visiki hakuna njia ya mkato. Tuliweka viwanja vya sampuli msituni, tukapima unene wa kila mti kwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, tukahesabu visiki kwa mkono. Vijana wa doria wanapima mpaka leo, nami huwa nawasaidia kupanga data.

Baadaye nilipokuwa nasoma zaidi nilikuta siko peke yangu. Mwaka 2013 timu ya Chuo Kikuu cha Maryland ikiongozwa na Matthew Hansen ilichapisha kwenye jarida la Science ramani ya misitu ya dunia nzima kwa pikseli za mita 30, kazi kubwa sana, na sote tunaitumia. Wanasayansi wengine wakawajibu kwamba ramani ile haitofautishi msitu wa asili na mashamba ya miti. Ni suala lile lile la mikorosho yangu, kwa ukubwa wa dunia. Ukisoma kwa makini, wenyewe walisema wanapima miti yenye kimo cha zaidi ya mita 5, chochote kile. Sisi watumiaji ndio tunaosoma "miti" tukaandika "msitu". FAO wanasema msitu uwe na eneo linalozidi hekta 0.5, miti inayozidi mita 5, na kivuli kinachofunika zaidi ya asilimia 10, na bustani za miti ya matunda hazihesabiwi. Sasa setilaiti itajuaje kama mti ni wa matunda? Lazima mtu aende.

Ndivyo hata taifa lilivyofanya. Tathmini ya misitu ya Tanzania, NAFORMA, ambayo matokeo yake makuu yalitoka mwaka 2015 yakionyesha hekta milioni 48.1 za misitu, ilitumia picha za setilaiti, lakini pia watu walitembea mpaka kwenye viwanja vya sampuli nchi nzima wakipima miti kwa utepe.

Sasa, hiyo ajira

Narudi kwa mdogo wangu wa mwaka wa kwanza. Njia ya kitaaluma iko hivi. Unaweza kuingilia jiografia, misitu, jiomatiki, mazingira, hata kompyuta. Ukimaliza shahada ya kwanza na matokeo mazuri unaweza kupata nafasi ya mkufunzi msaidizi. Ukiwa na uzamili unakuwa mhadhiri msaidizi, ukiwa na uzamivu unakuwa mhadhiri, halafu mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Nafasi ni chache na ngazi ni ndefu, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kila ngazi wanahesabu machapisho, na hapo ndipo kishawishi cha doa jekundu kinapoingia: ramani ya kushtua inachapishwa haraka kuliko ramani inayosema "msitu upo, ila kuna visiki".

Nje ya chuo kazi zipo pia: mipango ya matumizi ya ardhi, bima ya mazao, maafa ya mafuriko, hifadhi, kampuni za upimaji. Nairobi kuna RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani kwa ajili ya maendeleo, kilichoanzishwa mwaka 1975, na huwa kinatoa mafunzo. Na mtu asikwambie mambo ya anga ni ya wageni tu: tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Ile ilikuwa ya kutazama nyota, lakini jina lake la Kiswahili limo kwenye vitabu vya astronomia duniani. Na mwaka 2023 Kenya ikarusha Taifa-1, yenye kamera ya kutazama ardhi.

Cha kuanza nacho ni bure. Pakua QGIS. Jifunze Python au R, kidogo kidogo, kila siku. Fungua akaunti ya Google Earth Engine, ambayo kwa utafiti hailipiwi. Hesabu zinafanyika kwenye kompyuta zao, kwa hiyo laptopu yako ya mkononi mwa mtu wa tatu inatosha. Usianze na Amazon. Anza na kwenu, mahali ambapo unajua mwembe upi uko wapi na bonde gani hufurika. Utakosea, na utajua umekosea.

Halafu zoea kuuliza maswali manne kabla hujaamini ramani yoyote, ya kwako au ya profesa. Picha ni ya mwezi gani? Pikseli ina ukubwa gani, na ninachokitafuta kinaenea humo? Aliyehakiki alifika au alitazama picha nyingine? Na ikikosea, nani ataumia? Swali la nne halimo kwenye mtaala. Liongeze mwenyewe.

Nilirudi kule kijijini na ramani mpya, safari hii majina ya mahali yakiwa kama wanavyoyataja wao. Mwenyekiti nilimweleza pia kuhusu ile ya kwanza, kwamba ilishafika na nikaiondoa. Aliitikia kwa kichwa tu, akaomba nakala mbili, moja ya ofisi na moja ya kwenda nayo wilayani. Yule mzee alivaa miwani, akaitafuta nyumba yake, akaipata.

"Na mikorosho yangu umeipaka rangi gani?"

"Njano, babu."

"Na msitu?"

"Kijani."

"Hata mwezi wa tisa?"

"Hata mwezi wa tisa."

Akakunja ramani vizuri, akampa mtendaji aibandike ukutani.

Mwenye swali zaidi anikute vimbweta vya nyuma ya maktaba, jioni baada ya vipindi. Njoo na laptopu, na uniambie kwenu ni wapi, tuanzie hapo.